Asante Hainunui Tokeni: Mlipe Mchoraji wa Mtaa Kama Unavyomlipa Fundi wa Nguo

Ukimpelekea fundi wa nguo kitenge chako, akishamaliza kukupima unajua swali linalofuata: "Unaacha ngapi?" Hakuna anayekasirika. Unatoa simu, unatuma nusu, unaambiwa urudi Alhamisi. Sote tunajua Alhamisi ya fundi inaweza kuwa Jumanne ya wiki ijayo, lakini pesa ya kwanza tunatuma. Fundi wa milango naye hakati chuma kabla hujalipia chuma. Mwenye tenti, mpishi wa harusi, mwoka keki, wote ni hivyo hivyo.

Sasa mwite mchoraji. Yule kijana anayechora logo ya saluni, bango la kinyozi, menyu ya kibanda, wanyama kwenye ukuta wa nasari, fulana za timu ya mtaa. Ghafla lugha inabadilika. "Chora kwanza nione kama nitapenda." "Ni kitu kidogo tu, dakika tano." "Tutaongea, kwani unaenda wapi?" Na ile kubwa kuliko zote: "Si wewe ni kijana wetu?"

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonipinga: kazi yoyote ya kuchora ianze na malipo ya kwanza. Iwe ni ya elfu moja au ya elfu hamsini. Mteja awe mgeni au awe shangazi. Wengine wanaita dipoziti, watu wa Pwani watakuambia ni arbuni, lakini maana ni ile ile. Na sisemi hivi kwa kumhurumia mchoraji. Nasema kwa sababu bila hiyo pesa ya kwanza, mteja pia anaumia, ila yeye huchelewa kugundua.

Kazi isiyoonekana ikifanywa

Kwa nini tunamlipa fundi wa milango bila maneno mengi? Kwa sababu tunaona chuma, tunaona cheche, tunasikia kelele. Mchoraji anafanya kazi akiwa amekaa kimya mbele ya kompyuta au karatasi. Mtu akipita anaona kijana ameketi. Hajui kwamba kabla ya mstari wa kwanza huyo kijana alikuja kuangalia mlango wako, akahesabu ni hatua ngapi kutoka stejini, akajiuliza kama mtu aliye ndani ya matatu inayotembea ataweza kusoma jina la duka lako kabla haijapita. Hajui kwamba alijaribu rangi tano na kutupa nne.

Wateja wengine siku hizi wanasema, "Wacha, nitaambia programu ya akili bandia inichoree bure." Sawa, jaribu. Utapata picha nzuri ya saluni ambayo haipo Kenya, yenye maandishi yaliyopinda. Kisha utaipeleka River Road ichapishwe kwa futi sita na mwenye mashine atakuambia picha ni ndogo, itatoka kama imemwagikiwa maji. Hapo ndipo utamtafuta yule kijana usiku, akurekebishie kabla ya asubuhi.

Na tusijifanye hatujui thamani ya mchoro. Nchi hii inapenda michoro kuliko tunavyokubali. Angalia matatu zetu. Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, ule mstari wa manjano ukawa lazima na michoro mingi ikafutwa. Lakini haikufa. Ilirudi, na leo nganya mpya ikiingia barabarani watu wanatoa simu kuipiga picha. Mwenye matatu anajua kijana wa chuo ataacha gari tupu lipite, asubiri lile lenye michoro. Kwake hiyo rangi ni mtaji kama injini. Basi ikiwa mchoro unaweza kujaza gari la abiria 33, kwa nini ule wa mlangoni kwa kinyozi uwe wa kulipwa kwa "Mungu akubariki"?

Hebu tupige hesabu

Tuseme mchoraji wa Githurai amekubaliana na mwenye saluni: logo pamoja na bango la mlangoni, KSh 6,000. Kazi itamchukua siku nne. Atanunua bando la KSh 500, tokeni za umeme za KSh 300, na nauli ya kwenda mjini na kurudi kuhakikisha rangi zimechapishwa sawa, KSh 400. Jumla ametoa KSh 1,200 mfukoni mwake.

Akilipwa yote, anabaki na KSh 4,800, yaani KSh 1,200 kwa siku. Hiyo ni pesa ya mtu kuishi, si ya kutajirika.

Sasa tuseme aliahidiwa kulipwa mwisho, halafu mteja akanyamaza. Labda mwenye nyumba alipandisha kodi, labda saluni haikufunguliwa tena, labda binamu yake alimwambia kuna mtu wa bei rahisi. Mchoraji amepoteza siku nne na KSh 1,200 yake. Yaani ndiye aliyemlipa mteja.

Na kama angechukua nusu mwanzoni? Mteja akinyamaza, mchoraji ana KSh 3,000, akitoa gharama anabaki na KSh 1,800. Si faida ya kusherehekea, lakini tokeni zipo na kesho anaweza kuchukua kazi nyingine.

Angalia upande wa mteja pia. Mchoraji aliyechomwa mara tatu hufanya nini? Anaanza kuchukua kazi kumi kwa pamoja akijua sita hazitalipwa. Kazi yako inakuwa moja kati ya kumi. Inachelewa. Inafanywa kwa haraka. Wakati mwingine anachukua mchoro wa bure kwenye mtandao, anabadilisha jina, anakupa. Wiki mbili baadaye unakuta logo yako kwa duka la dawa kule Rongai. Unamlaumu yeye, na una haki, lakini uliza pia kama kuna shilingi yako hata moja iliyomfanya afikirie duka lako peke yake.

"Nikimtumia atapotea na pesa yangu"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, na ni la kweli. Kuna watu wanajiita wachoraji, wanapokea nusu, kisha simu inazimwa. Mteja aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, huwezi kumlaumu.

Lakini dawa ya hofu hiyo si kukataa kutoa pesa ya kwanza. Dawa ni kuigawa na kuifanya iache alama. Kwa kazi ndogo, nusu kwa nusu inatosha. Kwa kazi kubwa, gawa mara tatu: asilimia 40 ya kuanza, asilimia 30 ukishaona mchoro wa awali na kuukubali, asilimia 30 ya mwisho kabla ya kupewa faili kamili au kabla ya kumalizia ukuta. Kwa mchoro wa ukuta wa nasari wa KSh 20,000, hiyo ni KSh 8,000, kisha 6,000, kisha 6,000. Hakuna wakati ambapo mmoja ameshika kila kitu na mwenzake hana kitu.

Pia lipa mahali panapoonyesha jina. Tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ianze hapa Kenya mwaka wa 2007, tumepata kitu ambacho noti haikuwahi kutupa: kila malipo yana tarehe, saa, jina na namba ya muamala. Mchoraji anayekupa namba ya till iliyosajiliwa kwa biashara yake ameshakuonyesha kwamba yuko tayari kutambulika. Anayekuambia "tuma kwa hii ya rafiki yangu, yangu imejaa" anakupa sababu ya kuuliza maswali. Kabla hujakamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama si lile mlilokubaliana, simama hapo hapo, mpigie.

Na kama humfahamu kabisa, mwombe akuonyeshe kazi tatu alizofanyia watu wa karibu. Kisha ufanye jambo ambalo wengi hatufanyi: pita kwenye hizo biashara uwaulize. Mama wa kibanda atakuambia ukweli wote kwa dakika mbili kuliko picha hamsini za Instagram.

Kanisa, chama na matanga

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu hapa si biashara, ni jamii. Kamati ya matanga inakaa jioni. Bajeti inasomwa: tenti na viti, imepita. Chakula, imepita. Gari la kubeba mwili, imepita. Kijitabu cha historia ya marehemu chenye picha na ratiba? "Aa, hiyo kijana wa Mzee atatengeneza." Kijana anakesha usiku mbili, anapokea picha za WhatsApp zenye ukungu, jina la mjukuu linaongezwa saa sita usiku, na asubuhi anatafutwa kwa nini kurasa zimechelewa kwa mwenye mashine.

Sisemi tuache kusaidiana. Nchi iliyojengwa kwa harambee haiwezi kufundishwa kutoza kila kitu. Ninachosema ni kwamba msaada wa mchoraji uhesabiwe kama msaada wa wengine. Shangazi akitoa KSh 2,000, inaandikwa na inasomwa. Mchoraji akitoa kazi ya KSh 5,000, nayo iandikwe: "Kijitabu, thamani KSh 5,000, mchango wa fulani." Hapo kamati inajua imepewa nini, na mchoraji hataombwa tena mchango wa pesa kana kwamba hajatoa chochote.

Na hata kazi ikiwa ya bure, gharama si za bure. Bando, uchapishaji wa jaribio na nauli vitoke kwenye pesa ya kamati. Kama mnachanga kupitia namba moja ya malipo, mweka hazina anaweza kumtumia hiyo KSh 1,000 papo hapo na ikaonekana kwenye hesabu.

Kwa vyama na makanisa yanayohitaji kazi mara kwa mara, kama mabango ya kila mwezi, fulana za vijana au kadi za mkutano, njia nzuri ni kukubaliana bei ya mwaka au ya kila robo. Mchoraji anaweza kuwapunguzia kwa sababu ana uhakika. Punguzo linalotokana na makubaliano ni heshima. Punguzo linalotokana na aibu ya kumkatalia mtu mzima ni deni, na deni hilo hulipwa na uhusiano wenu.

Ujumbe mmoja kabla ya kalamu

Watu wengi wakisikia "mkataba" wanafikiria wakili na karatasi kumi. Huhitaji hayo kwa kazi ya KSh 6,000. Unahitaji ujumbe mmoja ulioandikwa vizuri na jibu moja. Mchoraji, unaweza kunakili huu na kubadilisha:

"Habari ya asubuhi, Mama. Asante kwa kunipa kazi. Nitachora logo ya saluni na bango la mlangoni la futi 6 kwa 3. Bei ni KSh 6,000. KSh 3,000 ya kuanza, na KSh 3,000 ukishakubali kazi, kabla sijakutumia faili za mwisho. Ijumaa nitakuonyesha michoro 2 uchague. Marekebisho ni mara 2. Kuanzia la tatu ni KSh 500 kila moja. Kuchapisha bango utamlipa mwenye mashine. Ukiahirisha kabla sijaanza nakurudishia yote. Nikishakuonyesha michoro, ile ya kuanza hairudi. Nami nikichelewa zaidi ya siku 5 bila kukuambia, dai pesa yako nitarudisha. Ukikubali, nijibu 'Nimekubali' kisha utume kwa till yangu."

Ona kwamba ujumbe huo haumlindi mmoja pekee. Mama anajua atapata nini, lini, na anaweza kudai nini. Mchoraji anajua marekebisho hayatafika kumi na saba. Ile hali ya "hebu ongeza kamwanamke kanashika kioo, na nyuma kuwe na maua, na juu uandike pia tunauza wigi" sasa ina bei, kwa hivyo mteja anafikiria kabla ya kuomba. Hakuna aliyetukanwa.

Wateja nao wana ujumbe wao. Usimwambie mchoraji "nifanyie kitu kizuri." Kizuri kwako ni nini? Mwambie unauza nini, kwa nani, jina liandikwe vipi herufi kwa herufi, namba gani ya simu iwekwe, rangi gani huipendi. Ukimpa hayo siku ya kwanza, utakuwa umejiokolea nusu ya marekebisho.

Mchoro ukishalipiwa ni wa nani?

Swali hili linaleta ugomvi kwa sababu kila upande unaamini kitu tofauti. Mteja anaamini amenunua kila kitu. Mchoraji anaamini kazi ni yake milele kwa sababu ni mkono wake. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inasema jambo ambalo wachoraji wengi hawalijui: hakimiliki huanza kwa aliyebuni, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu, huchukuliwa kwamba imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkiwa mmekubaliana vingine.

Rudia hayo maneno ya mwisho: isipokuwa mkiwa mmekubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, sheria imekuamulia. Mchoraji anayetaka kuuza tena ule mchoro wa simba kwenye fulana, au anayetaka logo itumike kwenye duka moja tu na si matawi matano, lazima aseme hivyo mapema kwa maandishi. Tena ni vyema aseme wazi kwamba haki zinahamia kwa mteja malipo ya mwisho yakishaingia. Sentensi moja kwenye ule ujumbe.

Haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiwe uliyechora ni jambo jingine, nayo inalindwa kivyake. Ndiyo sababu si vibaya mchoraji kuomba jina lake dogo pembeni mwa ukuta wa nasari. Mteja, mkubalie. Hakukupunguzii kitu, na kesho mzazi mwenye duka atampata kupitia hapo.

Kama unataka kuwa na ushahidi zaidi, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi za sanaa, ingawa ulinzi wa sheria hausubiri usajili. Na mwenye biashara anayeona logo yake itakua mbali, aulizie KIPI kuhusu kuisajili kama alama ya biashara. Usajili huo hudumu miaka 10 na unaweza kuongezwa. Lakini hutaweza kusajili kwa amani logo ambayo mchoraji wake bado anakudai.

Pesa imeingia kweli?

Mchoraji, hapa nisikilize vizuri, kwa sababu kazi yako ina shida moja ambayo fundi wa milango hana: ukishatuma faili, huwezi kuirudisha. Mlango unaweza kushikilia. Picha ikishafika kwa WhatsApp ya mteja, imeenda.

Kwa hivyo:

- Wakati wa kuonyesha kazi, tuma picha ndogo yenye jina lako limeandikwa katikati. Faili kubwa ya kuchapisha ibaki kwako mpaka malipo ya mwisho.
- Usiamini picha ya skrini ya "nimetuma." Usiamini hata ujumbe wenyewe ikiwa umetoka kwa namba ya kawaida ya simu. Fungua programu au menyu yako mwenyewe, angalia salio, angalia orodha ya malipo. Pesa ambayo haipo kwenye salio haipo.
- Mteja akikuharakisha, "boss, mwenye mashine anafunga, tuma tu pesa iko njiani," hiyo ndiyo saa ya kutulia. Malipo ya simu hayachukui safari ya kutoka Kisumu kwa basi. Yakitumwa, yanafika.
- Mtu usiyemjua akisema amekutumia pesa kimakosa na anataka uirudishe kwa namba nyingine, usitume. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja ya kampuni aliyotumia. Ukituma mwenyewe, unaweza kupoteza mara mbili.
- Hakuna mteja wala mfanyakazi wa kampuni ya malipo anayehitaji PIN yako ili akulipe. Hakuna kabisa.

Mteja nawe, ukishalipa, usifute ujumbe wa uthibitisho. Hiyo ndiyo risiti yako. Ukilipa kwa noti, omba mchoraji akuandikie hata kwa ujumbe: "Nimepokea KSh 3,000 taslimu, imebaki 3,000."

Tenganisha mfuko wa kazi na mfuko wa nyumbani

Wachoraji wengi wa mtaa wanapokea kila kitu kwenye laini moja: pesa ya mteja, pesa ya mama, pesa ya chama, na mkopo wa dharura. Mwisho wa mwezi ukimuuliza amepata ngapi, anakuna kichwa. Hajui kama kazi inamlipa au inamla.

Kuwa na njia ya kupokea malipo ya kazi peke yake, iwe ni till au akaunti ndogo ya biashara, kunabadilisha mambo matatu. Kwanza, unaona bei yako halisi. Ukigundua kazi za mabango zinakuletea zaidi kuliko za fulana, unajua pa kusukuma. Pili, unapata historia. Ukienda kwa SACCO kuomba mkopo wa kununua kompyuta, watataka kuona mapato yako ya miezi kadhaa, na taarifa ya malipo inaongea kuliko maneno. Tatu, ile aibu ya kudai inapungua. Kumwambia mjomba "nitumie kwa namba yangu" ni kama kuomba. Kumwambia "Mjomba, hii hapa till ya kazi" ni kumpa njia ya kulipa.

Na likitokea la kutokea, mteja akachukua kazi na kukataa kulipa, au mchoraji akala pesa ya kwanza na kunyamaza, si lazima yaishie kwenye kusemana kwenye mtandao. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kusikiliza kesi mwaka wa 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi KSh 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lakini hakimu atakuuliza ushahidi. Ule ujumbe mmoja, lile jibu la "Nimekubali" na ile namba ya muamala ndivyo vitakavyoongea. Kabla ya kufika huko, mara nyingi kumtumia mwenzako nakala ya hayo matatu kwa adabu kunatosha kumkumbusha.

Anza na kazi inayofuata

Najua hakuna anayebadilisha mazoea ya miaka kwa kusoma ukurasa mmoja. Basi usibadilishe yote. Chukua kazi moja tu, inayofuata.

Kama wewe ni mchoraji, mteja wa kwanza atakayekuita wiki hii, mtumie ule ujumbe kabla hujafungua kompyuta. Wengine watakuacha, na ni sawa. Anayekataa kutoa nusu kabla ya kazi, angetoa yote baada ya kazi? Jaribu pia kuwa mtu wa Ijumaa ukisema Ijumaa. Ukitaka ulipwe kama fundi wa nguo, usichelewe kama fundi wa nguo.

Kama wewe ni mwenye duka, saluni, nasari, kanisa au chama, mchoraji akikutajia bei usimuulize kwanza atapunguza ngapi. Muulize: "Nikuachie ngapi ya kuanza?" Maneno hayo manne au matano yanamwambia kwamba kazi yake ni kazi. Kisha tuma, soma jina, weka uthibitisho, na umdai kazi nzuri bila aibu, kwa sababu sasa una haki ya kudai.

Mtaa wetu unapendeza kwa sababu kuna watu wanaoupaka rangi. Wana kodi ya nyumba, wana tokeni za kununua, na wana macho yanayochoka usiku. Asante waambieni, wanaipenda. Lakini itanguliwe na ile sauti ya simu ikisema pesa imeingia.